Muhula wa Mvua kwa Sista Zilpah

Jumatatu, 4 Machi 1996

Tumefika. Mimi, wanafunzi wawili, magodoro matatu na sanduku la vitabu ambalo Weldon, mmoja wa wanafunzi hao, alilibeba kichwani kutoka barabarani akipiga mluzi njia nzima. Zahanati iko ng'ambo ya soko la Ekero, katikati ya miwa. Ni jengo la mawe lenye paa jekundu na mti mmoja wa mparachichi. Hapa ndipo nitakapofundishia muhula huu wote.

Naandika mambo haya sasa kabla sijayazoea. Tangu niliporudi kutoka Nairobi na shahada yangu ya pili, nimekuwa nikisema jambo moja katika kila kikao cha walimu pale chuoni Kakamega. Wauguzi tunaowafundisha watatumwa mashinani, kwenye vituo visivyo na daktari wala stima, nasi tunawafundishia katika wodi za mjini. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwenye karai. Mkuu wa chuo, Bwana Wandera, amechoka kunisikia. Mwezi uliopita alinikubalia jinsi mzazi anavyomkubalia mtoto apande mpera: panda, ukianguka tutaongea. Nimepewa wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu na muhula mmoja. Julai nitasimama ukumbini mbele ya bodi kueleza nilichokipata. Atakuwepo pia Profesa Chepkemoi, ambaye chuo kikuu chake kinataka kuanzisha shahada ya uuguzi na kinatafuta wahadhiri.

Swali nililokuja nalo ni hili. Wanawake wa huku wanakuja kliniki wakiwa na mimba. Wanapimwa, wanachomwa sindano, wanashukuru. Siku ya kujifungua hawaonekani. Kwa nini?

Sina wasiwasi. Najua kazi yangu.

Jumanne, 5 Machi

Muuguzi wa hapa ni Sista Zilpah Shikanga. Mrefu, mkavu, sauti kama ya mwalimu wa gwaride. Yuko peke yake pamoja na mhudumu anayefagia na kufungua geti. Alitutazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza kama Abigail anajua kuwasha stovu ya kuchemshia vyombo. Abigail, ambaye ni wa kwanza darasani, hakujua. "Sawa," akasema Sista Zilpah, "basi tutaanzia hapo."

Mimi na Abigail tumepewa chumba katika nyumba yake nyuma ya zahanati. Weldon analala kwa mhudumu.

Jumamosi, 9 Machi

Sista Zilpah alichinja kuku. Alisema mgeni hawezi kumaliza juma kwake bila kula ingokho. Tulikula na obusuma, ugali wa wimbi, nikajiongezea mara mbili. Amefanya kazi hapa kwa muda mrefu kuliko ambao mimi nimekuwa muuguzi, na likizo yake ya mwisho haikumbuki vizuri. Mume alifariki, watoto wako kazini mbali. Nimempenda mwanamke huyu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Tumechanja watoto. Hakuna aliyekuja kujifungua.

Jumatano, 20 Machi

Tumeanza kwenda nyumba kwa nyumba. Ninawafundisha hawa wawili kuuliza bila kumwekea mtu jibu mdomoni. Weldon anaharakisha. Anauliza swali na kulijibu mwenyewe, na kichwani anaonekana yuko nyumbani kwao upande wa Chekalini, ambako mahindi yanapandwa. Abigail anauliza vizuri lakini anaogopa mbwa.

Majibu yanafanana. Ni mbali. Mvua. Mtoto alikuja haraka. Nimeyaandika yote.

Lakini leo mama mmoja aliniambia ni mbali, na nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikiliona paa jekundu juu ya miwa. Nilimwonyesha kwa kidole, bila ubaya. Akacheka na kunikaribisha chai.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya Ekero imekuwa uji. Matrekta ya miwa yamekwama mawili, moja nyuma ya jingine, na wakata miwa wamekaa juu yake wanakula miwa.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Tulienda kanisani na Sista Zilpah. Anaimba sauti ya pili, vizuri sana. Nje, wanawake walimsalimu kwa heshima, wakiinama kidogo, kisha wakasogea pembeni. Niliona wanavyosogea. Sikulipa uzito.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimepata jibu, na silitaki.

Abigail ndiye aliyelileta. Aliniomba ruhusa akae siku nzima kwenye boma moja akiwasaidia wanawake kupalilia mahindi, kwa sababu alisema tukikaa kwenye viti vyao na kalamu mkononi wanatujibu kama wanaojibu chifu. Nilimruhusu. Alirudi alasiri, mikono imechubuka, akakaa kitandani bila kuvua viatu vya matope. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Madam, si mbali. Wanamwogopa Sista."

Akanieleza. Yeye ni Mluhya wa Wanga, na kule shambani waliongea Kiluhya, wala hakuuliza lolote. Mmoja alianza kwa mzaha, akaigiza sauti, "Fungua miguu, ulipokuwa unafanya hukuona haya!" Wote wakacheka. Halafu kicheko kikaisha. Mwingine akasema yeye alipigwa kofi pajani, la nguvu, alipopiga kelele. Mwingine aliambiwa alale sakafuni kwa sababu alikuja na nguo chafu, naye alikuwa ametoka shambani. Mmoja, Navalayo, ambaye ana mimba kubwa sasa, alisema hatarudi mle ndani hata wakimburuta. Atajifungulia kwa mama mkwe wake.

Nilimuuliza Abigail kama ana hakika. Alinitazama jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyeuliza swali baya. Nikamwambia aende akanawe.

Sista Zilpah ametuletea ndizi za kuchemsha sasa hivi. Nimezila.

Ijumaa, 19 Aprili

Siamini. Au tuseme naamini nusu. Watu wa kijijini husema mengi juu ya muuguzi mkali.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeenda mwenyewe kwenye maboma matatu, bila kalamu. Nilikaa jikoni. Niliwaambia sisemi ya mtu kwa mwenzake. Katika maboma yote matatu nimesikia maneno yale yale.

Basi naamini yote.

Jumanne, 7 Mei

Mvua kila siku. Mto umepanda hadi kwenye migomba. Navalayo alikuja kliniki kupimwa. Ni msichana tu, mwembamba, mume wake ni mkata miwa. Mtoto amekaa vizuri. Nilimwambia taratibu kwamba siku ikifika aje, mimi nitakuwepo. Alisema, "Ndiyo, daktari," huku akitazama mlango.

Jumatano, 15 Mei

Lazima niandike yote ya leo.

Asubuhi mvua ilikuwa imetulia kidogo. Tulikuwa tunapima watoto tuliposikia watu wakija mbio kwenye njia ya miwa. Wakata miwa wanne walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake Navalayo amefunikwa leso ambayo haikuwa na rangi tena ila ya damu. Mama mkwe alikuwa nyuma amebeba kitu kidogo kimefungwa kwenye kitambaa, na jinsi alivyokibeba nilijua kabla ya kufunua. Mtoto alikuwa amekufa. Uchungu ulianza juzi, akatoka leo alfajiri akiwa amechoka, hakulia. Kondo la nyuma halikutoka. Tangu hapo damu haijasimama.

Nataka niseme ukweli kuhusu Sista Zilpah, wote. Sijawahi kuona mikono kama ile. Kabla hatujamlaza vizuri alikuwa ameshanielekeza upande wa dripu, Abigail achote sindano ya kukaza kizazi, Weldon ainue miguu ya kitanda juu ya matofali. Mama mkwe aliposema mwanamume asiingie, Sista alimwambia, "Huyu si mwanamume, ni muuguzi," na mambo yakaishia hapo. Mshipa wa Navalayo ulikuwa umelala kabisa. Niliukosa mara mbili, nikaupata. Sista alivaa glavu, akaweka mkono mmoja juu ya tumbo, akaingiza wa pili, akalitafuta kondo na kuanza kulitenga polepole, macho yake ukutani kama anayesikiliza kitu.

Na muda wote huo alikuwa anagomba. Alianza chini chini, kisha sauti ikapanda. "Mlikuwa wapi? Zahanati mnaiona, mnaipita. Mnangoja mpaka mtu amekufa ndio mnaniletea. Mimi nazika watoto wenu kila mwaka kwa sababu ya ujinga. Lala hapo, usinisukume, unataka kufa?"

Navalayo alikuwa mweupe midomo. Nilidhani hasikii. Akageuza kichwa, akamtazama Sista Zilpah usoni, akasema kwa sauti ndogo sana, bila hasira yoyote:

"Nilikuwa nakuogopa wewe."

Sista Zilpah akarudisha macho ukutani. Mkono wake haukusimama, nashukuru Mungu, uliendelea na kazi hadi kondo likatoka zima, akalikagua, akakanda tumbo, kizazi kikakaza, damu ikapungua na kuwa ya kawaida. Lakini kule kugomba kuliisha. Chumba kizima kilisikia mvua ikianza tena juu ya mabati.

Navalayo alihitaji kuongezwa damu, na hospitali ni mbali, gari la wagonjwa lisingeweza kupita. Weldon alitoka mbio. Nilidhani amekimbia kazi. Alirudi juu ya trekta la miwa. Alikuwa amemsimamisha dereva barabarani na kumfanya amwage shehena yake mtaroni. Tukamlaza Navalayo kwenye trela juu ya mawili ya magodoro yetu, Abigail akishika dripu juu kama mshumaa, mume akishika turubai. Nilienda nao. Safari hii trekta halikukwama, ila lilitutikisa mifupa. Tulifika. Wakamwongeza damu. Anaishi.

Nimerudi nimekuta Sista Zilpah ameshasafisha chumba chote peke yake. Mtoto wameenda kumzika.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Sista Zilpah hajatoka nyumbani ila kwa kazi. Weldon amefundisha wanawake waliokuja kliniki dalili za hatari. Alikuwa mzuri, alisubiri kila jibu. Nilimhukumu haraka kijana huyu.

Ijumaa, 24 Mei

Nimekaa na karatasi zangu na nimejua nitakachoandika.

Ningekuwa mtu mwingine ningeandika kwamba barabara ni mbaya. Ni kweli, barabara ni mbaya. Bodi ingepiga makofi, na Bwana Wandera angefurahi. Lakini mimi nilikuja na swali, na wanawake hawa wamenijibu. Hawaji kwa sababu wanaogopa kutukanwa na kupigwa wakiwa uchi na wakiwa na uchungu.

Kuna sehemu ya pili pia, na nimeiona kwa macho yangu tangu Machi. Sista Zilpah anaamka gizani, anapima, anachanja, anazalisha, anafunga vidonda vya mapanga ya wakata miwa, anachemsha vyombo, analala, anaamshwa. Hakuna aliyewahi kuja kukaa naye kazini na kumwambia hili umefanya vizuri, hili geuza. Nitaandika yote mawili. Jina lake halitakuwepo, wala la zahanati.

Ila nitamwambia yeye kwanza. Siwezi kula kwa mtu kisha asikie habari zake ukumbini.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwambia. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nilimweleza kila kitu, maneno ya wanawake jinsi yalivyo, bila majina yao. Nilimweleza na sehemu ya pili. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea kuchambua.

Akasema, "Umekula kwangu miezi mitatu. Umelala kwangu. Kumbe ulikuwa unaniandika."

Nilimwambia nilikuwa naandika juu ya wanawake, na nimemkuta yeye njiani.

"Nimeokoa wangapi hapa? Hao wamekuambia?"

Nikasema wameniambia. Wote wameniambia hakuna mkono kama wake. Ndiyo maana inauma zaidi.

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Sijutii. Lakini nimekaa pale nje muda mrefu nikitazama maganda.

Jumanne, 11 Juni

Hasemi nami ila mambo ya wagonjwa. Chakula tunajipikia. Abigail anaunguza ugali kila siku.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua kidogo. Mama mmoja alijifungulia kwetu kwa kuwa maji yalimpasukia akiwa hapa hapa kliniki. Nilimzalisha mimi, Weldon akisaidia, naye mama alikubali. Sista Zilpah alisimama mlangoni mikono nyuma. Nilimwambia mama atembee akitaka, achuchumae akitaka, apige kelele akitaka. Nilimruhusu dada yake amkande mgongo. Alijifungua msichana, akacheka. Nilipogeuka, Sista alikuwa bado yupo mlangoni. Akaondoka.

Alhamisi, 20 Juni

Nilienda Kakamega kumwonyesha Bwana Wandera nilichoandika. Alisoma miwani ikiwa puani. Alinisifu. Kisha akaniomba niitoe sehemu moja.

Alisema si kwamba haamini. Yeye pia ni muuguzi, ameyaona. Ila tukiyasema hadharani, watu wataacha kuziamini zahanati kabisa, na wauguzi wetu watachukiwa, nao wanafanya kazi katika hali ngumu. "Sema barabara, Lynette. Sema umbali. Tutapata daraja, tutapata gari la wagonjwa. Hilo la matusi tutalishughulikia ndani ya nyumba."

Nilimuuliza tumelishughulikia lini ndani ya nyumba. Alivua miwani, akaifuta. Si mtu mbaya, na nilimwambia hivyo, kisha nikamwambia kwamba nikiitoa sehemu hiyo sitakuwa na cha kusema, kwa maana iliyobaki kila mtu anaijua. Akaniuliza kama naelewa kwamba bodi inaweza kukataa mradi wote na Profesa Chepkemoi atakuwa amekaa pale pale anatazama. Nikasema naelewa.

Nilirudi kupitia Lurambi, nikalala nyumbani kwetu huko. Willis, mume wangu, aliniuliza kama naogopa. Nilifikiri vizuri kabla ya kumjibu. Siogopi. Nimehuzunika kwa ajili ya Zilpah, na hilo ni jambo jingine.

Jumatatu, 1 Julai

Mvua imepungua. Mahindi yameanza kukauka ncha. Wanafunzi wamefungasha. Abigail aliwaaga wanawake wa shambani, akarudi na kuku wawili na macho mekundu. Weldon amempata yule dereva wa trekta atubebee magodoro, kwa maneno matamu tu, maana wamekuwa marafiki.

Niliacha nakala ya maandishi yangu mezani kwa Sista Zilpah. Nikamwambia siku na saa ya mkutano, kwamba hatalazimika kuja, na kwamba sitasema jina. Alikuwa anapanga chanjo kwenye friji ya gesi. Akasema amesikia.

Ijumaa, 5 Julai

Nimerudi nyumbani sasa hivi.

Ukumbi ulijaa. Bodi mbele, wanafunzi wote, walimu, wauguzi kadhaa kutoka wilayani. Profesa Chepkemoi ni mama mfupi mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu, hakuandika chochote, alisikiliza tu. Niliongea bila kusoma. Abigail alisoma maneno ya wanawake kwa Kiluhya kwanza, kisha kwa Kiswahili. Weldon alieleza juu ya trekta, watu wakacheka, maana walihitaji kucheka.

Kisha maswali. Mjumbe mmoja wa bodi alisimama, mzee aliyestaafu kazini, akasema ameudhika. Akasema haya ni masengenyo ya kijijini. Muuguzi huyo ninayemsema hayupo hapa kujitetea, hana jina, hana uso, na huenda hayupo kabisa. Eti mimi ni msomi wa Nairobi niliyekwenda kuwatafutia wenzangu makosa ili nipate cheo. Wengine walipiga makofi, si wachache. Nilishika kipaza sauti nijibu. Nilikuwa na jibu zuri.

Sikulitumia. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu alisimama. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe, imepigwa pasi, viatu vina matope ya Ekero hadi juu.

"Yupo," akasema Sista Zilpah. "Ni mimi."

Alitembea hadi mbele. Hakutaka kipaza sauti, sauti yake haihitaji. Mengi aliyosema nitayakumbuka bila kuandika, ila haya nayaandika jinsi alivyoyasema:

"Nilipokuwa mwanafunzi kama hawa, sista wangu alinipiga kwa mkasi vidoleni nikikosea. Na nilimwona akipiga wamama. Alikuwa hodari, kwa hiyo nikafikiri kupiga ndio uhodari. Mama akilegea, mtoto anakufa, basi mimi nilikuwanga napiga kelele asilegee. Hakuna mtu alikuja kuniambia kuna njia nyingine. Miaka yote hiyo, anayekuja kwangu anakuja kukagua dawa. Huyu Madam ndiye wa kwanza kukaa. Nimemkasirikia sana. Halafu nikamwona anazalisha mama bila kumgombeza, na mtoto akatoka. Nikasoma alichoandika usiku tatu. Kuna msichana aliniambia ananiogopa wakati mkono wangu uko ndani yake unamwokoa. Mtoto wake amezikwa. Mzee, hayo si masengenyo. Nilikuwa hapo."

Akageukia wanafunzi, safu kwa safu. "Mje huko," akasema. "Mje mkiwa bado wadogo, kabla hamjajifunza vibaya kama mimi."

Akarudi kukaa. Yule mzee alibaki amesimama, kisha akakaa, na baadaye nilimwona amemfuata Sista Zilpah nje wakiongea, yeye ameinamisha kichwa.

Bwana Wandera ndiye aliyefunga mkutano. Alisema bodi itatoa uamuzi, na kwamba yeye binafsi alikuwa amenishauri kuitoa sehemu ile, na alikosea. Alilisema mbele ya watu wote.

Profesa Chepkemoi alinikuta mlangoni. Aliniuliza nikifundisha kwake ningefundishia wapi. Nikamwambia nusu darasani, nusu zahanati, na nusu ya pili haipunguzwi. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyotaka kusikia. Mwakani tutaanza." Tukashikana mikono.

Niliwatafuta wote tule pamoja. Zilpah alikuwa ameshaondoka, maana hakuwa na mtu wa kumwachia wagonjwa wake.

Alhamisi, 18 Julai

Jua. Barabara ya Ekero ina vumbi kana kwamba haijawahi kunyeshewa.

Barua ya bodi imetoka jana. Wamekubali. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakaa muhula mmoja mashinani, na wauguzi watakaowapokea wataitwa chuoni kwanza, wafunzwe na wapumzike. Nilitaka kumwambia Zilpah mwenyewe, kwa hiyo nimekuja.

Chini ya mparachichi nilimkuta mama mkwe wa Navalayo amekaa na chupa ya uji. Nikamsalimu, nikamuuliza nani mgonjwa. Akasema ni mke wa mwanawe mdogo, yuko ndani anajifungua. Navalayo ndiye aliyemleta. Alisema ataingia naye au wote warudi nyumbani, na Sista akasema aingie.

Nikakaa karibu naye. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mwanamke akilia kwa uchungu, na sauti ya Navalayo ikimwambia apumue. Halafu sauti ya Sista Zilpah, ile ile nene, ila imeshushwa kama mtu anayebeba kitu kilichojaa: "Pole, mama. Ndiyo hivyo. Pumzika kwanza, hatukimbizwi na mtu." Mama mkwe akanitazama. Tulikaa, jua likasogea, kisha mtoto akalia, na mama mkwe akafunika uso na leso.

Zilpah alitoka baadaye akifuta mikono. Alikuwa amechoka. Aliponiona hakushangaa, alivuta kigoda akakaa, akamiminiwa uji kikombe kimoja na mama mkwe, akanywa nusu. Mvulana, akasema, mkubwa. Nikamweleza uamuzi wa bodi.

Akamaliza uji wake.

"Utaniletea wangapi Septemba?"

"Sita."

"Lete nane," akasema Zilpah, akasimama kurudi ndani. "Kazi ipo."